Ziwa, mbung'o na kichaka

Jumamosi nikishuka na vijana wangu mpaka ziwani, kuna mmoja alikuwa hapendi kuangalia maji. Ng'ambo ni milima ya Uvira, na kule ndiko kwao. Alikuwa anakaa amelipa ziwa mgongo, anachuna majani. Wiki ya tatu akageuka mwenyewe. Sikumwambia kitu.

Ndugu zetu wa mashirika wanatufundisha kwamba miti na maji vinatuliza akili. Bon, ni kweli, nimeona kwa macho yangu. Lakini waliokaa hapa kabla yetu wangecheka kidogo, maana ufuko huu huu uliwahi kuua.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Bujumbura ikiitwa Usumbura na Wajerumani ndio wakubwa, malale yalienea kando ya Tanganyika. Ugonjwa huo unaletwa na mbung'o, na mbung'o wa huku anapenda kivuli cha kichaka karibu na maji: pale pale mama anapochota, mvuvi anapofunga mtumbwi. Robert Koch alikuwa amejaribu dawa ya atoksili kwenye visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Ndani mlikuwa na arseniki. Wengine iliwapa nafuu ya muda, wengine iliwapofusha. Hata hivyo Wajerumani waliendelea nayo, wakajenga kambi za wagonjwa kando ya ziwa. (Ndiyo, kambi. Sisi si wa kwanza kuhesabiwa na kupangwa foleni huku.) Wapo waliotoroka sindano. Na watu wakaamriwa kufyeka vichaka vya ufukoni.

Kufyeka kulikuwa na akili yake, kwa sababu mbung'o bila kivuli hadumu. Leo shida imegeuka. Mto Ntahangwa unakula kingo zake, nyumba zinaanguka, udongo hauna mizizi ya kuushika. Aprili 2020 Rusizi ilifurika mpaka Gatumba, maelfu wakahama, na hakuna aliyepiga risasi. Matete ya delta ya Rusizi, iliyohifadhiwa tangu 1980, yanachuja tope kabla halijaingia ziwani, na samaki wanazaliana mle. Yakikatwa, mama wa sokoni ndiye anajua wa kwanza.

Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani zibaki wazi. Tembea ufukoni uhesabu baa. Mahali pamoja tuliambiwa tulipe kwanza ndipo tuingie. Nilikuwa na watoto kumi na wanne, nikarudi nao nyumbani kwa miguu.

Basi sasa tunapanda mianzi kwenye korongo nyuma ya mtaa. Hapo hatulipi. Yule kijana ndiye anashika jembe zaidi ya wote. Juzi aliniuliza kama mwanzi ungeshika kule Uvira, kando ya mto Mulongwe. Ule nao ulifurika Aprili ile ile ya 2020. Alikuwepo.