Sifa Iliyochelewa Kufika

Septemba 1999, lebo ndogo iitwayo Polyvinyl ilitoa albamu ya nyimbo tisa ya vijana watatu wa Urbana, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Illinois, Marekani. Bendi yao iliitwa American Football, na albamu nayo ikapewa jina hilohilo. Ilipofika madukani, bendi yenyewe ilikuwa ukingoni. Maisha ya chuo yalikuwa yanaisha, na kila mmoja alikuwa anashika njia yake.

Muziki wao huwekwa kwenye fungu la emo. Mizizi ya emo iko Washington, katikati ya miaka ya 1980, ambako vijana wa panki walianza kuimba majeraha ya moyoni badala ya hasira dhidi ya serikali na polisi. Albamu ya Rites of Spring ya mwaka 1985 ndiyo hutajwa kwanza, ingawa wanamuziki wake hawakulipenda jina hilo. Miaka ya 1990 mtindo ukahamia majimbo ya kati. Karibu na Chicago kulikuwa na Cap'n Jazz, kundi la kelele na vurugu lililovunjika 1995. Mpiga ngoma wake, kijana Mike Kinsella, ndiye aliyekuja kuwa mwimbaji wa American Football.

Safari hii kelele hazikuwepo. Kinsella na Steve Holmes walikaza nyuzi za magitaa yao tofauti na kawaida, kisha wakazidonoa moja moja, kila gitaa likizunguka njia yake hadi yakakutana. Steve Lamos alipiga ngoma kwa hesabu zinazomponyoka anayejaribu kupiga makofi, na mara mojamoja alishika tarumbeta. Sauti ya Kinsella huingia kwa kuchelewa, husema maneno machache ya kuagana, kisha huyaachia magitaa dakika nzima. Hakuna anayelia kwa sauti. Ni kama mazungumzo ya watu wawili ambao tayari wamekubaliana kuachana, na sasa wanatafuta namna ya kuinuka kwenye kiti.

Emo haikukosa lawama. Mwaka 2003, Jessica Hopper aliandika katika jarida la Punk Planet kwamba ndani ya nyimbo hizi wanawake hawaonekani kama watu kamili. Wamebaki kuwa sababu ya majonzi ya wanaume. Lawama hiyo ni ya haki, na American Football hawaikwepi: mtu anayeachwa kwenye nyimbo zao naye hana jina wala kauli. Walichojaliwa ni kwamba hawamtukani. Uzito wa nyimbo uko kwenye wakati unaopita, zaidi ya kosa la mtu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Albamu hii imempata mjukuu kabla ya wakati wake. Walioirekodi walikuwa bado wanaishi mji uleule, miongoni mwa marafiki walewale, na tayari walikuwa wanaviaga. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita muziki wa kuukumbuka ujana. Anayekumbuka ameshaondoka. Hawa walikuwa bado mlangoni, na kijana yeyote aliye kwenye muhula wa mwisho wa chuo anapajua pale mlangoni, hata kama hajawahi kuiona Illinois.

Vijana wa namna hiyo ndio walioifufua. Miaka ya 2000 waliipata kwenye intaneti, wakarushiana, wakajifunza kudonoa magitaa kwa mtindo ule. Mwaka 2014 Polyvinyl iliitoa upya, na bendi ikarudi jukwaani mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao walikuwa watoto ilipovunjika. Albamu ya pili ilitoka 2016, ya tatu 2019.

Jalada la albamu ya kwanza ni picha aliyoipiga Chris Strong: sehemu ya juu ya nyumba nyeupe ya Urbana usiku, dirisha moja likiwaka. Mashabiki husafiri kwenda kupiga picha mbele yake. Mwaka 2023 bendi, lebo, Strong na wenzao waliinunua nyumba hiyo kwa nia ya kuihifadhi.

Hivyo vijana walioimba kuhusu kuondoka sasa wana hati ya nyumba mjini humohumo.