Marudio

Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, mkoani Geita, huuita mchanga uliokwisha kuoshwa marudio. Jina hilo lina hekima. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu. Iliyosalia mchangani hurudiwa baadaye kwa sianidi. Kupitia kitu mara moja si kukimaliza.

Hekima hiyo yafaa pia kupimia historia ya usomaji. Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walibuni Usenet, njia ya kupelekeana barua za hadhara kwa kompyuta. Mwaka 1984 Larry Wall alitoa rn, programu ya kuzisomea. Kila barua ilikuwa na namba. Ikisha kusomwa, namba yake iliandikwa katika faili ya msomaji, na barua ikaondoka machoni pake, asisumbuliwe nayo tena. Ilikuwa rahisi kudhani imefutwa, kumbe alama ilikuwa katika daftari la msomaji tu. Aliyeitaja namba, au aliyeiondoa alama, aliipata barua yake.

Walakini kurudi huko kulikuwa na muda wake. Kompyuta zilizohifadhi barua zilifuta za zamani ili kupata nafasi. Nyingi za miaka ya kwanza zaweza kusomwa kwa sababu Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto alizitia katika kanda za sumaku kuanzia 1981; Google ilizifungulia umma mwaka 2001. Mchanga wa Rwamgasa humngoja mwenyewe penye mialo. Barua zilihitaji mtunzaji.