Saa Moja Juu ya Mkarafuu wa Chokocho

Kwa miaka mingi nimekaa mbele ya kipaza sauti nikizungumzia karafuu: tani kadhaa zimenunuliwa, bei imepanda, bei imeshuka. Kuchuma mwenyewe sikuwahi. Utotoni kazi yangu ilikuwa kuchambua tu, usiku, pamoja na kina bibi. Basi msimu uliopita nilipokwenda Chokocho, kwa wazee wa upande wa mama, mjomba akaniomba nimsaidie. Nikajisemea, kazi gani hiyo?

Nikapewa pakacha, kamba, na ngowe ya kuvutia matawi. Tawi la mkarafuu si la kuaminiwa, huvunjika ghafla. Majimoto nao hawana huruma. Baada ya saa moja magoti yalikuwa yakitetemeka, na nilichochuma hakikufika pishi mbili. Kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa ameshateremsha pakacha la tatu.

"Bwana Redio, teremka," mjomba akaniita huku akicheka, "mkeo asije akanidai!"

Nilipokaa kivulini ndipo nikauliza: nani aliyeupanda mti huu? Mjomba akajibu kuwa ni babu wa babu yake. Zamani jibu hilo lingenitosha.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika. Bei ikapanda, na wenye mali wakaligeukia dongo la Pemba. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini, lakini majahazi hayakukoma kuvuka kutoka Mrima. Mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iitwayo London aliuawa karibu na Pemba, alipokuwa akikagua jahazi la watumwa lililopeperusha bendera ya Ufaransa.

Wapo Wapemba waliopanda mikarafuu kwenye viambo vyao wenyewe. Lakini wengi wa waliofyeka msitu, wakachimba mashimo na kupalilia, ni hao waliofichwa ndani ya majahazi. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Walipanda katika shamba lisilokuwa lao, na ulipozaa wakapanda juu kumchumia mwingine. Utumwa ulikomeshwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897. Mimi nilichoka kwa saa moja, na chini nilikuwa nasubiriwa na chai.

Nikamwuliza mjomba: huyo babu wa babu alikuwa mwenye shamba, au alikuwa miongoni mwa walioletwa?

Akanyamaza kitambo, akiendelea kutoa vikonyo.

"Mjomba," akaniambia, "hayo sisi hatukuambiwa. Na hatukuuliza."

Kisha akainuka kwenda kutazama majamvi, maana wingu lilikuwa linakuja.

Siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri, nikachukua ngowe nikarudi kwenye mti ule ule. Nilichuma pishi tatu.