Mpungati na Fungate: Njia ya Maarusi kutoka Bariadi hadi Pwani

Mwenyeji wa Bariadi akiwahesabu ng'ombe wake wanapotoka zizini alfajiri, akifika kwa wa saba husema mpungati. Mwenyeji wa Unguja akihesabu nazi zake husema saba, neno lililokuja na Kiarabu, wala hakumbuki kwamba kabla yake palikuwapo neno jingine. Neno lile, hata hivyo, halikufa. Lilikimbilia chumbani kwa maarusi, likajifungia humo, na hadi leo liko hai kwa jina la fungate. Wazigua na Washambaa, majirani wa pwani, bado huhesabu saba kwa neno la ukoo huo huo, na Wagiriama husema fungahe. Kenda lilisalimika kidogo mbele ya tisa, kwa kuwa washairi walilihitaji kwa mizani na vina. Fungate haikupata bahati hiyo katika hesabu, ikapata nyingine katika ndoa.

Basi pale wanandoa wa Bariadi wanaposema kwamba baada ya harusi watakwenda fungate, siku chache Dar es Salaam na siku chache Unguja, hawaazimi neno la watu. Wanalirudia neno lao katika sauti ya pwani. Jambo hili lastahili kukumbukwa, maana mwambao umezoea kuwatazama watu wa bara kama wageni wa juzi katika mambo ya bahari na ya harusi.

Fungate ya zamani haikuwa safari. Ilikuwa kinyume cha safari. Kwa siku saba bwana harusi na biharusi walikaa ndani. Chakula kilitoka kwa wazazi wa mke, kungwi akiwa karibu, kitanda kimetandikwa asumini, chumba kinafukizwa udi. Nje ya mlango dunia iliendelea na shughuli zake, na wawili wale hawakudaiwa na mtu. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858, ulimwengu aliomwekea mbele ulikuwa huo huo wa ndani: nyumba, mume, heshima, maneno ya kusemwa na ya kunyamaziwa. Hakumwagiza aende popote. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Mwingereza John Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza akalitazama ziwa ambalo leo maji yake hulamba Busega, ukingo wa magharibi wa Mkoa wa Simiyu. Mshairi na msafiri hawakujuana.

Aliyetuwekea kwa nathari desturi za harusi za mrima ni Mtoro bin Mwenyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo, katika maandishi yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Maisha yake mwenyewe yana uchungu unaofaa kutajwa hapa. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1904 akamwoa Mjerumani. Mwaka uliofuata walisafiri pamoja kuja Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka pwani kama mume na mke, wakarudishwa Ujerumani. Mtu aliyewaeleza walimwengu jinsi maarusi wa pwani wanavyopokewa, yeye na mkewe hawakupokewa. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Bagamoyo, mji ulio jirani na kijiji chake, ndipo ilipoishia njia ndefu iliyotoka Unyamwezi na Usukuma. Huko ndiko kunakopaswa kutafutwa historia ya pili ya safari hii, ambayo kwa hakika ni ya kale kuliko fungate ya hotelini.

Katika karne ya 19 kijana wa Unyamwezi hakuhesabiwa mwanamume kamili mpaka awe amekwenda pwani. Alfred Swann, baharia Mwingereza aliyekuja mwaka 1882 kuitumikia London Missionary Society, aliandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1910 kwamba kijana hakuruhusiwa kuoa kabla ya kubeba mzigo wa pembe hadi pwani na kurudi na mzigo wa nguo au waya. Wapagazi hao, tofauti na dhana ambayo haijafutika, wengi wao walikuwa watu huru wanaolipwa ujira. Walibeba kilo 30 hivi, pengine zaidi, kwa miezi miwili au mitatu kutoka Unyanyembe. Wasukuma nao waliingia katika kazi hiyo. Neno sukuma lenyewe maana yake ni kaskazini, na watu wa upande wa Bariadi na Maswa, walio mashariki, huitwa Bakiya na ndugu zao wenyewe. Lakini pwani haikuwa na subira ya kutofautisha, kila aliyetoka huko iliwajumlisha wote katika jina la Wanyamwezi.

Alirudi na nini? Merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba. Bidhaa hizo ziligeuzwa majembe na mifugo, na majembe na mifugo ndivyo vilivyotolewa kuwa bukwi, yaani mahari. Kwa maneno mengine, pwani ilikuwa mlango wa ndoa. Kijana wa siku hizo alikwenda baharini ili apate kuoa. Kijana wa leo wa Bariadi huoa kwanza, kisha akaenda baharini. Safari ni ile ile, ila imehamishwa ng'ambo ya pili ya harusi.

Tena si kweli kwamba kila mara alikwenda mwanamume peke yake. Misafara ilikuwa na wanawake, wake waliofuatana na waume zao, wakibeba vyungu, mikeka na watoto, wakipika kambini jioni. Hao ndio wanandoa wa kwanza wa bara kuiona Bahari ya Hindi pamoja, wakiwa na vumbi hadi kopeni. Mji wenye shughuli walioukuta ulikuwa Bagamoyo, si Dar es Salaam, ambayo Seyyid Majid alianza kuijenga katika miaka ya 1860 na ambayo kwa muda mrefu ilibaki nyuma ya jirani yake. Ng'ambo ya mlango wa bahari ulikuwapo Mji wa Unguja, na baadhi yao walivuka, wakakaa, wakaacha kizazi.

Majira waliyosafiri ndiyo majira yanayowasafirisha maarusi wa leo. Msafara uliondoka baada ya mavuno, mvua zikiwa zimekatika, na kila mtu alitamani kuwa nyumbani kabla ya mvua za kulimia. Sasa ni pamba inayoshika kalenda hiyo hiyo. Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa za Shinyanga pamoja na Busega iliyokuwa ya Magu, ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Pamba huanza kuuzwa Mei. Juni na Julai fedha ziko mikononi, njia ni kavu, na harusi hufuatana.

Lakini kati ya mpagazi na bwana harusi wa leo pana pengo refu. Reli ya Kati ilianzwa kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza, lipitalo Malampaka katika Maswa, lilikamilika 1928. Gari moshi liliua kazi ya mabega. Waliokwenda pwani baada ya hapo walikwenda wakiwa manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, au wachuma karafuu wa Unguja na Pemba, na hakuna aliyeiita safari hiyo alama ya uanaume. Kisha pamba ikawapa watu sababu ya kutoondoka. Vyama vya ushirika vya wakulima, vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation chini ya uongozi wa Paul Bomani, viliwapa watu njia ya kupata mahari pasipo kupanda gari wala kubeba mzigo. Hans Cory alipochapisha kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, ndoa aliyoieleza ilikuwa ya ng'ombe na ukoo. Bahari ilikuwa imekwisha kutoka katika habari hiyo.

Imerudi sasa kwa mlango wa fungate. Wanaopanga kwenda ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa nafaka na watoto wa wakulima wakubwa, na mpango wao, ukiutazama kwa makini, umebeba mambo yote mawili ya zamani: wajibu wa msafara na faragha ya chumba.

Mji kwanza. Kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi, kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma. Tangu mwaka 2024 wapo wanaoshuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme. Dar es Salaam haiwapumzishi. Yupo shangazi wa Mbagala, kaka wa Kimara, rafiki wa chuo wa Tabata, na kila mmoja alichangia harusi ile japo hakuweza kufika. Kupita mjini bila kuwasalimu ni kuvunja undugu. Kisha ipo Kariakoo, maana hakuna atokaye Bariadi ambaye hakuagizwa kitu. Kwa hiyo siku za mjini si anasa bali ni deni linalolipwa, na wanaolaumu kwamba wanandoa wanapoteza siku mbili katika foleni na salamu hawajaelewa kwamba mgawanyo huo ndio unaoziokoa siku za baharini. Bila mji, ndugu wangeifuata fungate mpaka kisiwani.

Boti ya kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Hapo ndipo penye haja ya ushauri ambao wenyeji hawautoi, kwa kudhani kila mtu anaujua. Majira ya pamba ni majira ya kusi. Upepo huo hupiga upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Bwejuu na Jambiani, na aliyekwenda kutafuta bahari tulivu atakuta mchanga unamchapa miguuni. Nungwi na Kendwa, kaskazini, humpa maji ya kuogea karibu mchana kutwa. Mtu wa ziwani, aliyezoea maji ya Lamadi yasiyokimbia, aweza kuamka Jambiani asubuhi akadhani bahari imeibwa: maji yamekupwa hadi karibu na mwamba. Ila huo nao ni wakati wa kutazama. Wanawake wamo katika maji ya magotini, wameinama, wanafunga mwani kwenye kamba na vijiti, kazi iliyoanza hapo kwa biashara mwaka 1989. Biharusi aliyekulia katika palizi ya pamba atalijua lile inamo la mgongo kabla hajaijua kazi yenyewe.

Limo suala la gharama, na wazee wa Ntuzu hawalifichi. Siku chache za hoteli zaweza kula thamani ya ng'ombe, na ng'ombe huzaa, hoteli haizai. Hoja hiyo haina jibu jepesi. Katika fungate ya kale wawili hawakulipa kitu. Waliolishwa ndio waliokuwa maarusi, na waliolisha ndio wazazi. Siku hizi maarusi hujilisha wenyewe, katika nyumba ya mtu wasiyemjua. Hata hivyo kijana wa zamani naye alitumia miezi ya maisha yake kuiendea pwani, akarudi amekonda, na hakuna mzee aliyemwambia amepoteza. Pengine busara iko kwa wale wanaoacha hoteli za ufukweni wakapanga chumba katika nyumba ndogo ya wageni ya Mji Mkongwe, ambamo kuta nene za mawe hufanya kazi iliyofanywa zamani na mlango wa kungwi, na bahari ikabaki ya kutembelewa jioni Forodhani.

Mto Simiyu, ambao Stanley alipofika ziwani mwaka 1875 aliudhania kuwa chanzo cha mbali cha Nile upande wa kusini, haupeleki maji yake Bahari ya Hindi. Huyamimina ziwani, na kutoka huko huishia Misri. Wenyeji wake siku zote wameiendea bahari nyingine, wakiupa mto wao kisogo.

Hesabu ya likizo ya mwalimu wa Bariadi basi huwa hivi: siku ya kwanza na ya mwisho ni za njia, mbili za Dar es Salaam, tatu za Unguja. Arudipo hushusha garini mabegi yaliyojaa vitenge na kanga za Kariakoo, karafuu za shangazi, na chupa ya maji ya chumvi ambayo bibi aliagiza. Bibi huionja kwa ncha ya kidole, hutema, hucheka, kisha huwauliza walikaa siku ngapi. Mpungati, humjibu.