Saini ya Kughushi na Mbeba Hasara

Barua pepe inayojifanya kutoka benki huja na nembo halisi, lugha ya adabu na tishio dogo: akaunti yako imesimamishwa, hakiki taarifa zako leo kabla haijafungwa kabisa. Mpokeaji akibofya na kujaza namba yake ya siri, fedha huondoka. Kesho yake akienda kulalamika, huulizwa ilikuwaje akampa mtu asiyemjua ufunguo wa akaunti yake. Swali hilo limezoeleka hata hatuoni kwamba ni geni. Kwa zaidi ya karne mbili mahakama na mabunge yamehangaika na swali jingine, gumu zaidi: maandishi ya uongo yakishalipwa, hasara imwangukie nani? Dai langu ni kwamba jibu la swali hilo, kuliko werevu wa matapeli au uzembe wa wateja, ndilo lililoamua mara kwa mara kama ughushi utapungua au utaota mizizi.

Tuanze na Uingereza ya mwaka 1797. Vita na Ufaransa vilikuwa vimepunguza akiba ya dhahabu, na Bank of England ikaruhusiwa kuacha kubadilisha noti zake kwa dhahabu. Biashara ndogo isikwame, ikatoa noti za pauni 1 na pauni 2, nazo zikaingia mikononi mwa vibarua na wachuuzi ambao hawakuwahi kushika noti kabla ya hapo. Zilikuwa karatasi zilizochapwa upande mmoja kwa wino mweusi, rahisi kwa mchonga mabamba yeyote mwenye mkono mzuri kuziiga. Mchuuzi aliyepokea noti bandia hakulipwa kitu alipoipeleka benki; ilizuiwa, na pengine yeye mwenyewe akatiliwa shaka. Benki, ambayo haikupoteza hata senti kwa noti hizo, ilichagua kutegemea mawakili. Kufikia mwaka 1821 watu zaidi ya 300 walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya ughushi wa noti, huku mapendekezo ya noti ngumu kuigwa yakijadiliwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1819 mchora vibonzo George Cruikshank alichapisha noti ya kejeli yenye safu ya watu wanaoning'inia kitanzini, na umati ukaigombania. Kitanzi hakikuwatisha waghushi. Kilichowanyima kazi ni kuondolewa kwa noti hizo ndogo dhahabu iliporejea mwaka 1821.

Hundi ilikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1762 Jaji Mkuu Lord Mansfield alisikiliza shauri la Price na Neal. Price alikuwa amelipa hati za amri ya malipo zenye saini ya kughushi ya mtu aliyezoea kumlipia, kisha akamtaka Neal, aliyezipokea kwa nia njema, amrudishie fedha. Mansfield akakataa: kuujua mwandiko wa mtoa amri ni kazi ya mlipaji. Sheria ya Hati za Hawala ya mwaka 1882 ikakaza fundo hilo katika kifungu cha 24, kwamba saini ya kughushi haina nguvu yoyote, na kwa hiyo benki inayolipa hundi ya uongo inalipa kwa fedha zake yenyewe. Msingi huo ulifuatana na benki za kikoloni hadi pwani yetu, kama National Bank of India iliyofungua tawi Mombasa mwaka 1896, na sheria ya Kenya inayohusu hati hizo bado inaubeba. Ile kadi ya sampuli ya saini anayojaza mteja siku ya kufungua akaunti, na yule karani anayekunja uso akilinganisha mikunjo ya herufi, ni matunda ya hofu ya benki kupoteza fedha zake. Mchuuzi wa mwaka 1800 hakupata mlinzi wa namna hiyo.

Atakayepinga atasema mteja naye ana wajibu, na kweli anao. Mwaka 1918 Baraza la Malodi lilihukumu shauri la kampuni moja ya London ambayo mshirika wake alisaini hundi ya pauni 2 iliyoandaliwa na karani, nafasi ya maneno ikiwa tupu na pengo limeachwa kando ya tarakimu. Karani akaigeuza kuwa pauni 120 na kutoweka. Hasara ikaachiwa kampuni. Lakini tazama wajibu huo ulivyo mdogo: jaza hundi yako bila kuacha mapengo, na ukigundua ughushi iarifu benki. Mwaka 1985, katika rufaa iliyotoka Hong Kong, karani alikuwa ameghushi hundi zipatazo 300 kwa miaka kadhaa bila mwajiri wake kushtuka. Privy Council jijini London ikakataa kumbebesha mteja wajibu mpana wa kulinda benki dhidi ya waghushi. Uzembe wa mteja ulikuwapo mbele ya macho ya majaji, nao hawakuruhusu ulifute jukumu la mlipaji.

Namba ya siri ndiyo iliyovuruga mpango huu. Saini huweza kukaguliwa na mtaalamu mahakamani. Namba ni ileile aliyeibonyeza awe nani. Marekani ilitunga mwaka 1978 sheria ya miamala ya kielektroniki inayoweka kikomo cha dola 50 kwa hasara ya mteja anayetoa taarifa mapema, na mwaka 1980 mahakama moja ya New York ikaliamini neno la mteja dhidi ya kumbukumbu za mashine. Uingereza benki zilishikilia kwamba mashine haikosei, basi anayelalamika ama ni mzembe ama ni mwongo. Ross Anderson wa Cambridge alizilinganisha nchi hizo mwaka 1993 na kuonyesha kwamba mifumo ya kibenki ilivunjika kwa makosa ya kawaida ya uendeshaji, na kwamba pale benki ilipoweza kumsukumia mteja hasara, haikuwa na haraka ya kuyarekebisha.

Barua pepe ikaikuta benki katika hali hiyo. Kanuni za kuisafirisha, alizoziandika Jonathan Postel mwaka 1982, hazikudai uthibitisho wa mtumaji, kama bahasha ambayo yeyote anaweza kuandika nyuma yake jina alitakalo. Kati ya wanasayansi waliofahamiana hilo halikuwa kosa. Kuanzia mwaka 2003, mafuriko ya barua za kujifanya benki yalipoanza, lilikuwa pengo kubwa mno. Hata hivyo mfumo wa kuzuia matumizi ya anwani ya mwingine, DMARC, haukutangazwa hadi mwaka 2012, na Google na Yahoo hazikuanza kuwalazimisha watumaji wakubwa kuutumia hadi mwaka 2024. Katika muda wote huo dawa kuu iliyotolewa ilikuwa mabango ya kuwaonya wateja wasibofye viungo, huku idara za masoko za benki hizohizo zikiwatumia wateja barua zenye viungo vya kubofya. Hapa ughushi umegeuka: zamani tapeli aliiga mkono wa mteja ili aidanganye benki, sasa anaiga mkono wa benki ili amdanganye mteja. Mkono ulioigwa ni wa benki, na aliyeachiwa kazi ya kuutambua ni mteja.

Singapore ilionyesha kinachotokea mzigo unapohama. Desemba 2021 wateja wapatao 790 wa benki ya OCBC walipoteza dola za Singapore milioni 13.7 kwa ujumbe wa simu ulioingia katika mfululizo uleule wa ujumbe halisi wa benki. Benki iliwarudishia zote, ikisema ni kwa hisani tu. Lakini Januari 2022 mamlaka ya fedha na chama cha mabenki walizitaka benki ziondoe viungo katika barua pepe na ujumbe wa simu unaokwenda kwa wateja wa kawaida. Hatua hiyo ilikuwa nyepesi, na ingeweza kuchukuliwa miaka kumi na mitano mapema.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mteja akijua atafidiwa ataacha kujali, na matapeli watajifanya wateja. Hatari ipo. Lakini Wamarekani wenye kadi za mkopo wamekuwa na kikomo cha dola 50 tangu mwaka 1970, na biashara hiyo imestawi badala ya kufa, kwa sababu kampuni za kadi zilijenga mitambo ya kunusa muamala usio wa kawaida. Uingereza nayo, iliyokuwa nyuma, tangu tarehe 7 Oktoba 2024 inazitaka benki kumfidia mteja aliyelaghaiwa akahamisha fedha mwenyewe, hadi pauni 85,000, isipokuwa aliyezembea kupindukia. Gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea, na nusu hiyo ya pili ndiyo werevu wa kanuni yenyewe, maana akaunti ya tapeli lazima iwe mahali fulani.

Kwetu benki ya wengi ni simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa mzaha mitaani, na simu za wanaojiita huduma kwa wateja hazikomi. Serikali ya Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, ikaamuru laini zisajiliwe kwa alama za vidole kufikia Januari 2020, na wananchi wanaombwa kuripoti namba za matapeli kwenda 15040. Hatua hizo zinamsaka mkosaji na kumwonya mlengwa. Hasara zinaiacha ilipoangukia. Laini iliyopokea fedha ina kampuni inayoiendesha, na kampuni hiyo huona fedha zikiingia kutoka kwa watu wasiohusiana na kutolewa kwa wakala dakika chache baadaye. Kanuni ya nusu kwa nusu ingeigusa mfukoni. Usajili wa vidole umeigusa kwenye makaratasi tu.