Nani Aliyewaondoa Watu Uwanjani Oakland?

Usiku wa Jumanne, tarehe 13 Juni 2023, watu 27,759 waliingia katika uwanja wa Oakland, California, kuitazama timu ya besiboli iliyokuwa ikiburura mkia katika ligi nzima. Mwezi mmoja kabla ya hapo uwanja huohuo ulikuwa na mechi zilizotazamwa na watu elfu mbili na ushei. Wengi wa waliofika usiku ule walivaa fulana za kijani zilizogawiwa bure nje ya geti, kifuani zikiwa na neno moja tu: UZA. Aliyekuwa akiambiwa auze ni John Fisher, mmiliki wa Athletics na mtoto wa waasisi wa kampuni ya nguo ya Gap. Duru ya tano ilipoanza, umati mzima ulinyamaza. Kisha ukapasuka kwa sauti moja ukimtaka aiache timu, na ngoma za mashabiki wa upande wa kulia zikadaka. Athletics waliwafunga Tampa Bay Rays 2-1, timu iliyokuwa kileleni wakati huo. Siku hiyohiyo Seneti ya jimbo la Nevada ilipitisha dola milioni 380 za umma kumsaidia Fisher kujenga uwanja mpya Las Vegas.

Mashabiki waliuita mpango wao mgomo wa kinyume. Mgomo wa kawaida ni kubaki nyumbani. Wao walijaa uwanjani ili kuonyesha kwamba mapenzi yao kwa timu hayajafa, na kwamba walichokuwa wakikikataa ni namna inavyoendeshwa. Siku mbili baadaye kamishna wa ligi, Rob Manfred, alisema ni jambo jema kwamba kwa usiku mmoja Oakland imepata umati unaokaribia wastani wa ligi. Ukiyasikiliza vizuri maneno hayo utaona hoja yote ya upande wa pili: kwamba timu inahama kwa sababu watu wameitupa. Ninaamini hoja hiyo imegeuza mambo kichwa chini. Uwanja wa Oakland uliachwa na waliokuwa na ufunguo wake kabla ya kuachwa na mashabiki, na historia ya miaka zaidi ya 50 ya timu hiyo katika mji huo inaonyesha hivyo bila kulazimishwa.

Tuanze na Charlie Finley, aliyeileta timu Oakland mwaka 1968 kutoka Kansas City. Alikuwa mtu wa vituko: aliwavika wachezaji viatu vyeupe, akawalipa ili wafuge masharubu, na akamfanya nyumbu kuwa nembo hai ya timu. Alikuwa pia na jicho kali la kutambua vipaji, na timu yake ilitwaa ubingwa wa World Series mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Hata hivyo watu hawakujaa. Mwaka 1974, mabingwa watetezi walitazamwa nyumbani na watu wasiofika milioni moja kwa msimu mzima. Anayetaka kuwalaumu wakazi wa Oakland huanzia hapo: kama hawakuja kuwaona mabingwa, watakuja lini? Lakini Finley aliiendesha timu kama duka analotaka kulifunga. Aligombana na wachezaji wake juu ya mishahara, aliajiri watu wachache mno ofisini, na hakuacha kutafuta mnunuzi au mji mwingine. Kufikia 1979 nyota wote walikwisha ondoka, na tarehe 17 Aprili mwaka huo mechi moja ilihudhuriwa na watu 653. Msimu mzima haukufikisha watazamaji 310,000.

Mwaka uliofuata Finley aliuza timu kwa Walter Haas, mkuu wa kampuni ya Levi Strauss. Mji ulikuwa uleule, uwanja uleule wa zege kando ya barabara kuu, watu walewale na mishahara yao ileile ya bandarini, viwandani na maofisini. Kilichobadilika ni mwenye timu. Haas aliajiri watu wa kutosha, akawekeza katika kukuza vijana, akapeleka timu katika shule na mitaa, na hakutishia kuhama. Kati ya 1988 na 1990 Athletics walifika fainali mara tatu mfululizo, wakatwaa ubingwa mwaka 1989, mwaka wa tetemeko la ardhi lililosimamisha fainali kwa siku 10. Mwaka 1990 waliingia uwanjani watu milioni 2.9. Kutoka laki tatu hadi karibu milioni tatu ndani ya miaka 11, bila kuhamisha tofali hata moja. Sijui ushahidi gani mwingine unaohitajika kuonyesha kwamba Oakland ni mji wa besiboli.

Pingamizi la haki hapa ni kwamba Haas alikuwa tajiri mwenye moyo wa kutoa, aliyekubali kupata hasara, na kwamba ligi haiwezi kujengwa juu ya hisani. Ni kweli alipoteza fedha, na mwaka 1995, muda mfupi kabla ya kufariki, aliiachia timu kwa bei nafuu ili ibaki Oakland. Lakini mashabiki hawakuwa wanadai hisani. Walikuwa wanadai mwenye timu atake kushinda na atake kubaki, mambo mawili ambayo katika michezo ya nchi nyingine hulazimishwa na mfumo wenyewe. Katika besiboli ya Marekani hakuna kushuka daraja. Timu inayoshika mkia mwaka huu itakuwa ligi kuu mwakani, na itapata mgao uleule wa fedha za televisheni ya taifa. Hakuna pia wanachama wenye kadi na kura kama wa Simba na Yanga, wanaoweza kuitisha mkutano mkuu na kumhoji kiongozi. Katika mfumo huo thamani ya timu hupanda hata mwenyewe akilala. Fisher na mshirika wake Lewis Wolff walinunua Athletics mwaka 2005 kwa dola milioni 180. Mwaka 2023 jarida la Forbes liliikadiria kuwa na thamani inayozidi dola bilioni moja. Huo ndio mwaka timu iliposhinda mechi 50 na kupoteza 112.

Matokeo hayo yalitengenezwa. Mwaka 2021 Athletics walishinda mechi 86, idadi ya heshima. Kabla ya msimu wa 2022 kuanza, Matt Olson, Matt Chapman, Chris Bassitt na Sean Manaea walikuwa wamepelekwa timu nyingine, na bajeti ya mishahara ikashuka hadi miongoni mwa zile za chini kabisa. Wakati huohuo bei za tiketi za msimu zilipandishwa, nyingine karibu maradufu. Msimu huo uliishia na watazamaji 787,902, idadi ndogo kuliko ya timu yoyote katika ligi. Ukimpikia mgeni chakula kibichi, ukapandisha bei ya sahani, ukamwambia kila siku kwamba unatafuta mgeni mwingine, asipokuja kula huwezi kumwita mchoyo. Na idadi hiyo ndiyo Fisher aliyoibeba mezani kwa wamiliki wenzake kama uthibitisho kwamba mji umekufa.

Uwanja nao ulikuwa mbovu, hilo halina ubishi. Mwaka 2013 maji machafu yalifurika katika vyumba vya wachezaji, na katika msimu wa 2023 kulikuwa na mnyama wa porini aliyejichimbia karibu na chumba cha watangazaji. Katikati ya miaka ya 1990 mji na kaunti walikwisha uharibu kwa jukwaa refu la zege lililoziba mandhari ya milima, lililojengwa kuirudisha timu ya futiboli ya Kimarekani ya Raiders. Serikali ya Oakland ina sehemu yake ya lawama, na mpango wa uwanja mpya bandarini, katika eneo la Howard Terminal, ulisuasua kwa miaka. Lakini mpango huo ulikuwa wa dola bilioni 12, ukijumuisha nyumba, ofisi na hoteli. Uwanja wa besiboli ulikuwa kipande kidogo cha ndoto kubwa ya viwanja na majengo. Mji ulikuwa bado mezani Aprili 2023, timu ilipotangaza kwamba imekubaliana kununua ardhi Las Vegas. Hata ardhi ya uwanja wa zamani haikumtia hasara mwenye timu: nusu yake aliinunua kutoka Kaunti ya Alameda kwa dola milioni 85, na mwaka 2024 akakubali kuiuza kwa dola milioni 125.

Wapo watakaosema mali ni ya mwenyewe, na mwenye mali huipeleka atakako. Hili ndilo pingamizi zito zaidi, na jibu lake limo katika historia ya timu hiihii. Juni 1976 Finley alijaribu kuwauza nyota wake watatu: Joe Rudi na Rollie Fingers kwenda Boston kwa dola milioni moja kila mmoja, na Vida Blue kwenda New York kwa milioni moja na nusu. Kamishna wa wakati huo, Bowie Kuhn, alifuta mauzo yote kwa maelezo kwamba yanadhuru mchezo. Mwaka 1976, basi, mali haikuwa ya mwenyewe peke yake. Ligi ilikuwa na sauti juu yake. Sauti hiyo haijapotea. Tarehe 16 Novemba 2023 wamiliki walipigia kura ombi la Fisher la kuhamia Las Vegas, na matokeo yakawa 30 kwa sifuri. Anayehitaji ruhusa ya wenzake ili kuhama hawezi kudai kwamba uamuzi ni wake binafsi. Ni uamuzi wa chama cha watu 30, na chama hicho kina kinga ambayo wafanyabiashara wengine wa Marekani hawana.

Kinga hiyo ilizaliwa Mei 1922. Mahakama Kuu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, iliamua kwamba mechi za besiboli si biashara baina ya majimbo, na kwa hiyo sheria za kuzuia uhodhi haziigusi ligi. Mwaka 1953 mahakama iliirudia hukumu hiyo, na mwaka 1972, katika kesi ya mchezaji Curt Flood, majaji walikiri kwamba ni kioja cha kisheria lakini wakaliachia Bunge kukirekebisha. Bunge liliilegeza mwaka 1998 kwa upande wa ajira za wachezaji tu. Kuhusu timu ikae wapi, mlango umebaki umefungwa. San Jose iliugonga: ilitaka kuwapokea Athletics, lakini San Francisco Giants walidai eneo hilo ni lao. Haki hiyo walikuwa wameipata miaka ya nyuma kwa ridhaa ya Haas, ambaye hakuwatoza chochote. San Jose ilikwenda mahakamani, na mwaka 2015 ikashindwa kwa sababu ya hukumu ileile ya 1922.

Wamiliki wanapoweza kuamua peke yao idadi ya timu, daima kutakuwa na miji inayozitaka kuliko timu zilizopo. Tangu 1998 ziko 30, hazijaongezwa. Kila mji wenye kiu ni fimbo ya kuuchapia mji wenye timu. Ndiyo maana Kansas City, iliyopokonywa Athletics mwaka 1967, ilipata timu mpya ya Royals kufikia 1969: Seneta Stuart Symington wa Missouri aliitishia ligi kwamba Bunge litaiondoa kinga, na ligi ikaharakisha. Oakland haikuwa na Symington. Wabunge wawili wa California waliwasilisha mswada mwaka 2023 wa kuilazimisha timu inayohama kuufidia mji inaouacha, na mswada huo haukufika mbali. Na hapa inafaa kusema jambo ambalo mashabiki wengi wa Oakland wenyewe wamelisema: timu waliyoipenda kwa misimu 57 waliipata kwa machozi ya wengine.

Mechi ya mwisho Oakland ilichezwa tarehe 26 Septemba 2024. Walikuja watu 46,889, uwanja ukajaa pomoni. Rickey Henderson na Dave Stewart, nyota wa zamani wa timu na wote wawili watoto wa Oakland, walirusha mipira ya ufunguzi. Athletics walishinda 3-2. Kocha Mark Kotsay alishika kipaza sauti, akawashukuru mashabiki, na wengine waliondoka na udongo wa uwanja ndani ya vikombe na mifuko. Wapinzani wao siku hiyo walikuwa Texas Rangers, timu iliyokuwa ya Washington hadi mmiliki wake Bob Short alipoihamisha. Tarehe 30 Septemba 1971, mechi ya mwisho Washington, timu ya nyumbani ilikuwa ikiongoza 7-5 na kubakiza mchezaji mmoja tu wa kumtoa, ndipo mashabiki wakavamia uwanja, wakang'oa nyasi na kuchukua vibao vya kona. Mwamuzi aliwapa ushindi New York Yankees. Washington ilisubiri hadi 2005 kupata timu nyingine, nayo ilitolewa Montreal.

Oakland kuna timu ndogo sasa, Ballers, inayojitegemea nje ya ligi kuu, inayocheza katika uwanja wa Raimondi magharibi mwa mji na inayowauzia mashabiki hisa. Mwaka 2025 ilitwaa ubingwa wa ligi yake. Athletics nao wanacheza Sacramento, katika uwanja wa watu takriban 14,000 ulioazimwa, wakisubiri ujenzi wa Las Vegas. Hawakutaka kujiita wa Sacramento, na wa Las Vegas bado hawajawa. Katika msimamo wa ligi, timu 29 zimeandikwa pamoja na mji au jimbo zinakotoka. Moja imeandikwa Athletics tu.