Sotoka ya mbuzi na kondoo: ilifikaje kwetu?



Nikiwa kwenye zizi moja hapa Nakwa, mzee mmoja aliniuliza: "Mtaalamu, sisi tumefuga mbuzi tangu enzi za baba zetu. Mbona ugonjwa huu hawakutusimulia?" Swali lake ni zuri, na jibu lake linaweza kuokoa zizi lako. Ugonjwa aliousema ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ambao wataalamu huuita PPR. Wazee hawakusahau kutusimulia. Ugonjwa huu ni mgeni.

Sotoka ya wazee na sotoka yetu

Sotoka waliyoijua wazee ni ya ng'ombe. Iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikamaliza ng'ombe na nyati, na jamii za wafugaji zikapata njaa kubwa. Chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ilisaidia sana kuishinda, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ni ndugu yake. Virusi vyake ni vya ukoo mmoja na vile vya surua ya watoto, ila binadamu haambukizwi PPR. Ilielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1942 huko Ivory Coast. Baada ya miaka mingi ikafika upande wetu: mwaka 2006 ilithibitishwa Turkana, Kenya, mwaka 2007 Karamoja, Uganda, na mwaka 2008 Ngorongoro, hapa kwetu Tanzania.

Zingatia neno "ilithibitishwa". Damu ya mifugo iliyochukuliwa Ngorongoro mwaka 2004, ilipopimwa baadaye, ilionyesha kwamba wanyama walikwishakutana na virusi hivyo. Yaani mgeni alikaa nchini miaka kama minne kabla hatujamjua jina. Mbuzi mwenye makamasi na kikohozi hudhaniwa ana homa ya mapafu, na anayehara hudhaniwa ana minyoo. Huku tukibahatisha dawa, ugonjwa unasonga mbele.

Mwaka 2009 ukaonekana Tandahimba, Mtwara, mbali kabisa na Ngorongoro. Uchunguzi ulionyesha kwamba uliingia kijijini na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Virusi hivi havina miguu wala mabawa. Safari hiyo yote vilibebwa na mbuzi aliyelipiwa pesa na kupakiwa kwenye gari. Sisi wa Babati tunaokaa kwenye barabara ya Arusha, Dodoma na Singida, tuelewe maana yake.

Virusi hufanya nini mwilini

Mnyama huvuta virusi puani akiwa karibu na mgonjwa. Virusi huanza kushambulia chembe nyeupe za damu, yaani walinzi wa mwili. Ndiyo maana magonjwa mengine, hasa ya mapafu, humvamia kirahisi. Baada ya siku 3 hadi 6 hivi joto hupanda hadi nyuzi 40 au 41. Machozi na makamasi huanza mepesi, kisha huwa mazito na kuziba pua. Fizi, ulimi na midomo hupata vidonda, mdomo hunuka, mnyama anaacha kula. Kisha huja kuhara kwingi na kupumua kwa shida. Wenye mimba hutupa. Wengi hufa ndani ya siku 5 hadi 10 tangu homa ianze, na wadogo ndio huathirika zaidi.

Mtaalamu akimpasua aliyekufa hukuta mapafu yamekuwa mekundu meusi na magumu sehemu za mbele, tezi zimevimba, na utumbo mpana una michirizi ya damu kama ya pundamilia. Homa ya mapafu ya mbuzi haina vidonda vya mdomoni wala kuhara huku, na kondoo kwa kawaida hawaipati. Kwa hiyo ukiona mapafu, mdomo na tumbo vinaumwa kwa pamoja, fikiria sotoka.

Ufanye nini

1. Chanja. Dozi moja hukinga kwa angalau miaka mitatu. Ila wadogo wanaozaliwa kila mwaka hawana kinga hiyo, hivyo wachanjwe wakifikisha miezi minne. Kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi mwaka 2025 inahusu pia ugonjwa huu. Wakija kijijini kwako, toa mbuzi wote, usifiche hata mmoja.

2. Mnyama mpya, hata wa zawadi au mahari, mtenge wiki tatu kabla ya kumchanganya na wenzake.

3. Ukiona dalili, tenga wagonjwa na utupigie simu siku hiyo hiyo. OTC haiui virusi. Inasaidia tu dhidi ya bakteria wanaofuata nyuma.

4. Usiuze wagonjwa.

Hili la nne najua ni gumu. Ada ya shule inadaiwa, mbuzi wawili wameanza kuhara, na kesho ni siku ya mnada. Unajiambia bora nipate nusu ya bei kuliko kukosa yote. Lakini mbuzi wako atalala usiku huo kwenye zizi la mtu ambaye naye ana ada ya kulipa. Na mwezi ujao, wewe ndiye utakayekwenda mnadani kununua.

Dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza sotoka hii ifikapo 2030. Ile ya ng'ombe iliwezekana. Hii nayo itawezekana, tukianzia kwenye zizi lako.